Daftari Kwenye Geti la Abasia

Siku ile mjinga alikuwa Malachy Tuohy, na wa kwanza kukiri ni yeye mwenyewe. Hakulewa, hakutishwa, hakushikiwa kisu. Mvua ilikuwa ya rasharasha tu, akili zake zilikuwa zake, na kalamu alipewa kwa upole kabisa. Akasaini. Tena akasaini kwa mbwembwe, mkia wa herufi ya mwisho akauzungusha mara mbili kama mchezaji anayejiunga na klabu kubwa.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, siku moja kabla ya padri kuja kubariki makaburi. Siku hiyo kila mwenye wafu wake ndani ya Abasia ya Killasheen huenda kufyeka nyasi, kusugua mawe na kupanga maua, kwa sababu kesho yake parokia nzima itasimama pale kwenye baridi, na hakuna atakayemsikiliza padri. Watu wote watakuwa wanakagua magugu ya jirani.

Abasia yenyewe haijaona paa kwa miaka mia nne na ushei. Watawa walifukuzwa, kengele ikaibwa, na waliobaki ni kunguru juu na wafu chini. Wafu nao si wa kila mtu. Familia kumi na mbili tu ndizo zenye nafasi ndani ya zile kuta, na nafasi hizo hazinunuliwi wala haziandikwi popote. Zinajulikana tu, kama inavyojulikana nani anakaa benchi lipi kanisani. Kufika huko kuna njia moja: unaingia geti la barabarani, unakata shamba kiasi cha hatua mia tatu, umefika. Jeneza hupita hapo hapo, mabegani mwa watu sita, maana gari la maiti likithubutu kuingia litazama hadi vioo.

Shamba lilikuwa la akina Heneghan tangu babu wa babu, na wao geti walilifunga kwa ajili ya ng'ombe tu. Heneghan wa mwisho akafa bila mtoto. Majira mawili ya baridi yaliyopita shamba likanunuliwa na Colman Divilly, mtu wa ng'ambo ya mto, aliyerudi kutoka London na viganja vya kuchanganyia zege. Mwezi wa sita mwaka huu akatia mnyororo getini. Halafu kibao chekundu: HATARI, FAHALI.

"Geti lina mnyororo," alisema Sabina Tuohy kutoka kiti cha mbele, Malachy alipozima gari.

"Nauona, mama."

"Miaka themanini na minane sijaona mnyororo hapo."

"Ulikuwa hujamwona Colman."

Sabina hakucheka. Alikuwa amepakata maua yake na chupa ya chai, buti za mpira miguuni, kitambaa cha plastiki kichwani. Mwezi wa tatu daktari wa Galway alikuwa amemshika mkono na kumweleza habari za moyo wake, kwa maneno laini ambayo, yakipunguzwa sukari, maana yake ni kwamba asianze kufuma sweta kubwa. Sabina alimshukuru, akavaa koti, na kwenye gari akamwambia mwanawe jambo moja tu. Alitaka kulala pale alipolala mumewe Tadhg, chini ya dirisha la mashariki, mkono wa kushoto, palipoachwa nafasi ya mtu mmoja. Yale makaburi mapya ya barabara kuu, yenye lami na bomba la maji, hakutaka hata kuyasikia. "Kule mtu anazikwa kama gari lililoegeshwa," alisema.

Malachy akaahidi. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na katika hiyo, maisha yalikuwa yamemwangusha mara za kutosha. Alikuwa na malori mawili yake mwenyewe, benki ikayachukua. Sasa aliendesha lori la maziwa la watu wengine. Goti lake moja lilibaki kwenye uwanja wa mchezo wa magongo. Mdomo ndio mali pekee ambayo benki haikujua namna ya kuibeba, na kwa hiyo aliutumia kila siku usije ukapata kutu.

Akashuka. Upande wa pili wa geti Colman alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake ya magurudumu manne, mbwa nyuma yake, na wote wawili walimtazama kwa sura moja.

"Pamefungwa," alisema Colman.

"Habari za asubuhi na wewe pia, Colman. Mbwa hajambo? Naona leo yeye ndiye mwenye tabasamu."

"Nimesema pamefungwa. Hujaona kibao?"

"Nimekiona. Nikaangalia shambani nikaona maksai watano. Nikajiuliza, fahali ni yupi? Labda jamaa amejiandika mwenyewe."

Shingo ya Colman ilipanda rangi. "Wewe dereva, siku moja huo mdomo utakuletea ngumi."

"Ngumi kutoka ng'ambo ya mto? Nyie mara ya mwisho kumpiga mtu wa huku ilikuwa kwenye fainali ya parokia, mkanipiga mimi kwenye goti, na bado mkafungwa."

"Nilikosea. Nilikuwa nalenga kichwa."

"Wenzako wote walikosea hivyo hivyo, ndiyo maana kombe liko kwetu."

"Kombe! Miaka thelathini unaota kombe. Malori yako yako wapi?"

Hilo lilimpata. Malachy alicheka nalo, maana alishajifunza kwamba ukicheka haraka mpigaji hajui kama amepata, lakini lilimpata. Akashika mnyororo, akautikisa.

"Fungua, Colman. Nina mama mgonjwa ndani ya gari na baba chini ya nyasi. Sikuja kuangalia mifugo yako, nimeona mizuri zaidi kwenye pakiti za soseji."

"Na mimi sikununua shamba ili kila Jumamosi nilinde wapita njia. Mwaka jana mtalii amepanda ukutani, ameanguka, wakili wake ananiandikia mimi. Mimi nilimwambia apande? Mwezi wa tano mmoja wenu ameacha geti wazi, mtamba wangu amegongwa barabarani na basi la shule. Nani alikuja kuniambia pole? Hakuna. Mlikuja kuniuliza kama nauza nyama!"

Malachy akauachia mnyororo. Aliyeuliza habari ya nyama alikuwa yeye.

Hapo ndipo Attracta, mke wa Colman, alipovuka barabara kutoka nyumbani kwao, mwavuli mkono mmoja, na mkono mwingine daftari la jalada gumu ndani ya mfuko wa nailoni. Attracta alikuwa mwanamke wa sauti ya chini, wa kukuinamia kidogo anapoongea, hata ukajiona wewe ndiye mgonjwa.

"Malachy, usimjali huyu," alisema. "Amelala vibaya. Mama yuko ndani ya gari? Maskini, na mvua hii. Colman, toa mnyororo." Colman akautoa bila neno, jambo ambalo lilitosha kumshtua mtu mwenye akili. "Ila niwekee jina hapa, mpenzi. Ni mambo ya bima tu. Wote wameshaweka. Na mama?"

"Mama amefunga macho, mwache. Na miwani yake hana."

"Basi atasaini akitoka. Mimi nina keki kwenye oveni."

Malachy akachukua kalamu. Juu ya ukurasa kulikuwa na mistari miwili mitatu ya maandishi madogo, na chini yake majina ya watu anaowajua. Hakusoma. Na hapa asichekwe bure, maana hata wewe msomaji ungekuwa mtu wa Killasheen usingesoma. Kule, jirani akikupa karatasi usaini, ukaisimamisha mbele ya macho yako na kuanza kuisoma, umemwambia wazi kwamba yeye ni mwizi. Na kumwambia hivyo mwanamke aliyeacha keki kwenye oveni kwa ajili yako ni jambo litakalozungumzwa hadi mazishi yako. Isitoshe, Malachy alijiona ameshinda. Alimtania mtu hadi akafunguliwa geti. Mshindi huwa mkarimu. Akasaini, akazungusha ule mkia mara mbili, akasema, "Ahsante sana, Attracta, kwa kuturuhusu."

Akalisema hilo nalo! Kwa sauti, na Colman akisikia.

Alipofungua mlango wa gari, mama yake alikuwa macho. Alimshika mkono wakaingia getini polepole. Colman alikuwa palepale juu ya pikipiki, hatua mbili kutoka kwao. Sabina alipita mbele yake bila kumsalimia, bila kumtazama, kidevu juu, kama anapita mbele ya nguzo ya umeme. Colman aliwafuata kwa macho hadi katikati ya shamba. Maksai watano nao wakawafuata, lakini hao walikuwa na adabu zaidi.

"Alikupa nini yule mwanamke?" Sabina aliuliza.

"Daftari. Nimesaini. Mambo ya bima."

"Limeandikwaje?"

"Mama, kwa kawaida mambo ya bima yanaandikwa hivyo hivyo."

"Sijakuuliza kawaida."

Malachy akajifanya anaangalia mahali pa kukanyaga.

Ndani ya Abasia nyasi zilikuwa zimefika magotini. Upande wa magharibi, chini ya tao lililobaki, Finola Cuddy alikuwa amepiga magoti anasugua jiwe la babu yake kwa brashi ya kufulia. Finola alikuwa mjane wa makamo, mwalimu mstaafu, na alisugua jiwe kama anavyosugua shingo ya mwanafunzi mchafu. Walisalimiana. Malachy akawasha mashine ya kufyekea, akafanya kazi nusu saa, na kunguru wakamtukana muda wote huo kutoka juu ya ukuta. Sabina alikaa juu ya kiti cha kukunja kando ya Tadhg, akiwa amepanga maua yake, ameweka mkono kwenye lile jiwe. Nafasi ya kushoto ilikuwa wazi, nyasi zake fupi kuliko za kwingine. Aliyekuwa akizifupisha kila mwaka ni yeye mwenyewe, kwa mkasi wa jikoni.

Mashine iliponyamaza, Sabina akasema kwa sauti ya kufika upande wa pili, "Finola, na wewe umesaini?"

"Alhamisi. Mimi wa tatu."

"Mwalimu mzima. Ulisoma?"

Finola akasimamisha brashi. "Nisome, Bi Sabina? Mbele yake? Alikuwa amenipa keki ya limau."

"Kwa hiyo familia kumi na mbili zimesaini karatasi, na hakuna hata mmoja anayejua imeandikwa nini."

"Kumi na moja," alisema Finola kwa unyonge. "Pamoja na Malachy, kumi na mbili."

Malachy alitaka kusema neno la kuchekesha. Kabla hajalipata wakasikia pikipiki ikikata shamba, ikazimika nje ya ukuta, na Colman akaingia kupitia pale palipokuwa mlango wa watawa, akiwa ameinamisha kichwa ingawa mlango ule haujawa na kizingiti cha juu tangu zamani. Mkononi alikuwa na daftari.

"Bado jina moja," alisema.

"Nisomee kwanza," alisema Sabina. "Sina miwani."

"Ni maneno ya kawaida tu."

"Basi hayatakuumiza ulimi."

Colman akasita, kisha akaona hana sababu ya kuogopa. Kumi na mbili walikuwa mfukoni. Akafungua, akasoma kwa sauti kubwa ya mtu asiyezoea kusoma mbele za watu:

"Sisi tuliosaini hapa chini tunakubali kwamba tumeingia katika shamba la Colman na Attracta Divilly kwa ruhusa yao, na kwamba ruhusa hiyo wanaweza kuiondoa wakati wowote watakapopenda."

Finola akainuka, brashi mkononi.

"Ruhusa?" alisema Finola. "Ruhusa gani? Babu yangu alibebwa kwenye njia hii!"

"Babu yako alibebwa. Wewe umeomba. Hapo ndipo tofauti ilipo, mwalimu." Colman hakuweza kujizuia; mtu aliyefundishwa jambo la kijanja huwashwa hadi alifundishe na yeye. Akainua vidole vyake vinene, akahesabu. "Wakili wangu wa Galway amenieleza kama anamweleza mtoto. Njia ya haki inakuwa ya haki kwa mambo matatu. Watu wapite mchana kweupe, wasijifiche. Wapite bila kuomba. Na mwenye shamba awe anawaona. Basi. Hayo matatu yakiwepo miaka na miaka, njia ni yao, mwenye shamba hata akilia. Lakini wakishaomba, wakaandika kwa mikono yao kwamba wamepewa ruhusa, imekwisha. Ni wageni. Na mgeni akichosha anaonyeshwa mlango."

Akamgeukia Malachy. "Na huyu hata hakutosheka na kusaini. Ameshukuru kabisa."

Malachy alimtazama mama yake. Mama yake alikuwa anatazama jiwe.

"Na mazishi?" aliuliza Malachy.

"Kutembelea, mnaniambia siku moja kabla, nitaangalia. Mazishi hapana. Watu mia mbili, magari barabara nzima, geti wazi siku mbili, mtu ateleze na jeneza halafu niandikiwe mimi barua? Hapana. Makaburi mapya yapo. Yana lami."

"Colman." Malachy aliweka mashine chini. "Tusikilizane. Matusi yote ya asubuhi nayameza. Hata lile la fahali. Mama yangu hana mwaka. Nafasi yake ni hiyo hapo, unaiona, haizidi mlango. Watu sita watembee hatua mia tatu, mara moja. Nitaweka mbao nyasi zisiumie. Geti nitasimama mimi mwenyewe."

"Asubuhi ulikuwa unacheka."

"Nilikuwa nacheka."

"Ulipoulizia nyama ya mtamba wangu ulikuwa unacheka pia. Niko barabarani, nimemshika kichwa, bado anapumua, wewe unateremsha kioo cha lori unaniuliza kilo bei gani. Na nyuma yako gari zima la watu linacheka."

"Nilikosea."

"Hukukosea, ulifurahi. Miaka miwili natoka kanisani hakuna anayesimama na mimi. Nikienda baa, watu wanamaliza vinywaji. Mtu wa ng'ambo, mtu wa zege. Mkitaka kupita ndiyo mnajua jina langu. Sasa mmelijua, mmeliandika, mmesaini chini yake." Akalipiga daftari kwa kiganja. "Nilisema siku moja mtaomba. Mmeomba."

"Lete hilo daftari."

"Njoo ulichukue."

Malachy akapiga hatua. Goti likamkumbusha fainali. Akayumba, akashika ukuta, na jiwe moja la watawa likang'oka likaanguka kati yao, kunguru wote wakaruka. Colman hakurudi nyuma hata inchi moja. Alikunja ngumi, akaingoja kwa hamu, kama mtu aliyekuwa akingoja basi hilo kwa miaka thelathini.

"Chana ukurasa ukipenda," alisema taratibu. "Attracta ameshaupiga picha."

"Nyie wawili," alisema Finola kwa sauti ya darasani, "mko juu ya mtu! Huyo ni marehemu padri Canon Lally mnayemkanyaga!"

Wote wawili wakatazama chini, wakasogea. Hata chuki, kule, ina mahali pa kusimama.

Malachy akavuta pumzi. Aliyapitisha kichwani maneno yote aliyowahi kumshindia mtu, ya barabarani, ya baa, ya uwanjani, na hakukuwa na hata moja lenye uzito wa kufungua mnyororo. Alikuwa amemchezea mtu kwa ulimi mbele ya geti, na ulimi huo huo ukamkabidhi mama yake kwenye lami. Akamwendea, akachuchumaa kando ya kiti, kwa shida.

"Mama, nimekuuza kwa kalamu."

"Inuka, we mtoto, nyasi zimelowa," alisema Sabina. "Utapata na mafua juu yake."

"Nimeshukuru, mama. Nimesema ahsante."

"Nilisikia. Kioo kilikuwa wazi." Akamtazama muda mfupi, bila huruma nyingi. "Baba yako alikuwa mjinga zaidi yako, lakini alikuwa hajui kuandika. Ilimsaidia."

Finola akageukia jiwe lake haraka na kuanza kulisugua upya.

Colman alikuwa amekaribia. Alisimama juu ya ile nafasi ya kushoto bila kujua, au akijua, na akamnyooshea Sabina daftari na kalamu. Kwa mara ya kwanza siku ile alijaribu kuongea kwa adabu, na adabu ilimkaa kama suti ya kuazima.

"Bi Sabina, mimi na wewe hatuna ugomvi. Weka jina, na kila mwaka utakuja kumwona mzee wako. Nitakufungulia mwenyewe. Nitakuletea hata kiti. Ila haya mambo ya kuzikwa tuyaache."

"Asiposaini je?" aliuliza Malachy kwa ukali.

"Asiposaini, hapiti tena."

Sabina alichukua kalamu. Malachy akafumba macho. Mama yake akaigeuza geuza ile kalamu, akaitazama kama anavyotazama samaki sokoni, kisha akaichomeka kwenye mkebe wa maua, katikati ya waridi.

"Sisaini," alisema.

"Bi Sabina."

"Sisaini, Colman. Na usogee pembeni, umesimama kifuani pangu."

Colman akaruka nyuma kama aliyekanyaga moto. Aibu yake ikageuka hasira, maana yeye hakuwa na pengine pa kuiweka. Alimwambia hii ni mali yake, ana hati. Alimwambia wazee wa huku wana kiburi cha watu ambao hawajawahi kupanga chumba. Alimwambia kule London alifukuzwa kwenye milango mingi na hakuna aliyemsikiliza akisema babu yake alipita hapo. Sabina alimsikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya mapaja, mvua ikitiririka kwenye kile kitambaa cha plastiki.

"Umemaliza?" alisema. "Sasa nenda kamwangalie mkeo, keki itaungua."

Hapo Colman akapasuka. Alinyoosha kidole kile kile alichohesabia, na sauti yake ikagonga kuta nne za Abasia hata kule barabarani pengine ilisikika.

"Wengine wote wameomba! Wote! Wewe peke yako hukuomba! Umeingia shambani kwangu mchana kweupe, hukuniomba ruhusa, hukunisalimia hata, umepita mbele ya pua yangu na mimi nimekaa pale nakuona kwa macho yangu mawili!"

Brashi ya Finola ikasimama.

"Vizuri," alisema Sabina. "Sasa nenda Galway ukamwambie wakili wako hivyo hivyo, na usipunguze hata neno."